SOMO: Jinsi ya kuchagua kiapo cha paladini kwenye Baldur's Gate 3, soma kabla hujauliza

Wakuu habari zenu. Kila siku naulizwa swali moja tu, "paladini achukue kiapo gani", paladini ni yule mpiganaji wa hili gemu anayepata nguvu zake kwa kiapo, nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwahiyo leo naandika mara moja na atakayekuja tena namrudisha hapa.

Tuelewane kitu kimoja kwanza mana ndo kinawapoteza wengi. Lile pigo ambalo menyu inaliita Divine Smite, lile linalofanya watu wampende paladini, ni lilelile kwenye viapo vyote. Unalipata levo ya 2. Sloti (nafasi ya uchawi unayoitumia) ya levo 1 inakupa dadu 2 za pande 8 za nuru juu ya pigo la kawaida, kila levo ya sloti inayopanda inaongeza dadu moja, na ukimpiga mfu anayetembea au shetani unapewa nyingine ya ziada. Hakuna kiapo kinachobadilisha hapo. Sasa mtu anakaa saa nzima kwenye skrini ya kutengeneza mhusika anatafuta kiapo chenye damage, wakati anachochagua pale hasa ni tabia ambayo atalazimika kuishi nayo gemu zima, jinsi atakavyoongea na watu, nani amsamehe na nani amuue.

HATUA YA 1. Chagua paladini. Kiapo unaapa hapohapo levo ya 1, husubiri levo ya 3 kama kwenye ule mchezo wa mezani, Dungeons & Dragons.

HATUA YA 2. Pointi zako weka kwenye nguvu na karisma, za karisma usizihamishie kwingine. Ukifika levo ya 6 unapata aura, yaani nguvu inayokuzunguka, ambayo karisma yako inawaongezea kinga wewe na wenzako wote waliosimama ndani ya mita 3, wakirushiwa uchawi wa kuwatia hofu au kuwagandisha wanaukwepa kirahisi zaidi. Me nadhani hii aura ni bora kuliko pigo lenyewe.

HATUA YA 3. Jiulize unapenda kucheza ukiwa mtu wa namna gani, halafu linganisha.

Devotion, me naiita kiapo cha uchaji. Huyu ni mtu wa haki, anawalinda wanyonge, neno lake ni neno. Anaweza kuiongezea silaha yake karisma kwenye kulenga, kwahiyo hakosi kosi, na levo ya 7 anapata aura ambayo walio karibu naye hawarogwi akili.

Ancients, kiapo cha wahenga. Huyu analinda uhai na furaha ya viumbe. Anaponya kundi lote lililo karibu na uponyaji unarudi tena zamu inayofuata. Levo ya 7 uchawi wa maadui unawapunguzia damu nusu tu wewe na wenzako wa karibu, hiki kitu kwenye mapambano ya wachawi wengi kinaokoa maisha aisee.

Vengeance, kisasi. Hana huruma na mwovu, njia yoyote inafaa alimradi uovu mkubwa uishe. Anaongeza damage ya nuru kwenye kila pigo kwa kiasi cha karisma, anaapa dhidi ya adui mmoja akawa anamlenga kwa dadu mbili anachukua kubwa, na levo ya 5 anapata Hold Person, uchawi wa kumgandisha mtu, na Misty Step, wa kuhama ghafla. Ukitaka kumuona paladini wa kisasi yukoje mwangalie Minthara, mhusika wa humohumo kwenye gemu, hicho ndo kiapo chake.

Crown, taji, kilikuja na sasisho la gemu linaloitwa Patch 8, Aprili 2025. Ni cha mtu wa sheria na utii, anawavuta maadui wamfuate yeye wawaache wenzake. Kama unapenda kuwa ngao, hiki ni chako.

HATUA YA 4. Usivunje kiapo bila kujua. Hapa someni taratibu tafadhali, mana hapa ndo nlipoharibikiwa mimi.

Mara ya kwanza nacheza nlikuwa na kiapo cha uchaji. Mwanzo kabisa baada ya meli kuanguka, unamkuta Lae'zel, mmoja wa wenzako wa safari, amening'inizwa kwenye kizimba na chini yake wamesimama tiefling wawili, wale watu wenye pembe. Lae'zel anakutaka uwaondoe. Mimi nikaona huyu ni mwenzangu yuko matatani, nikachagua maneno ya kupigana nao, nikawaua wote wawili chini ya dakika mbili. Wale watu hawakunifanyia lolote, walikuwa wameogopa tu. Hapohapo maandishi yakatokea kwamba kiapo kimevunjika, nguvu za kiapo zikazimwa, na nlipoenda kulala kambini nikamkuta jitu limevaa deraya jeusi linanisubiri. Sevu niliyokuwa nayo ilikuwa ya ufukweni, na nlishapita mapambano kibao, nikakaa naangalia ile skrini sijui nifanye nini.

Kumbe ungewashawishi tu kwa maneno wangeondoka, halafu unapiga kitako cha kizimba kwa upinde kikadondoka, kazi imeisha, hakuna aliyekufa.

Kwahiyo shikeni haya. Mtu mwenye duara la njano chini yake hajawa adui, usimuanze. Mwenye nyekundu keshakuwa adui, huyo pigana naye. Ukiona mazungumzo yana sentensi ya kumshambulia mtu asiye na kosa, hiyo sentensi iache hata kama tuzo yake inavutia. Na sevu KABLA ya mazungumzo, sio baada. Kila mara.

Kikivunjika, yule mwenye deraya anakupa njia mbili, umlipe dhahabu 1000 akurudishie kiapo, au ukubali kuwa mvunja kiapo, ambacho ni kiapo kinachojitegemea chenye nguvu zake na hakionekani kwenye menyu ya mwanzo.

HATUA YA 5. Fungua sehemu ya Reactions, weka pigo la nuru likuulize kwanza. Hivo unaamua baada ya kuona pigo limempata mtu, na dadu ya kulenga ikitua kwenye 20 dadu zote za damage zinajizidisha mara mbili pamoja na zile za nuru, hapo ndo unachoma sloti kubwa.

MASWALI

Jambia_la_Usiku: mkuu asante ila kwa ufupi kipi kina damage kubwa

Mwandishi: Aya ya pili.

Jambia_la_Usiku: nimesoma ila sijaona

Mwandishi: Soma tena taratibu. Pigo ni moja kwa wote. Ukitaka nyongeza ya nje ya pigo nimeiandika kwenye kisasi.

Nuru_ya_Asubuhi: Kaka mimi naanza wahenga, tunacheza watu wanne. Ile aura ya mita 3 inabidi wote wakae wamenibana? Si tutalipuliwa pamoja na bomu moja?

Mwandishi: Dada hili swali ni zuri sana. Ndio, mkibanana mnakuwa shabaha rahisi ya mlipuko. Ila kumbuka kinga ya karisma inasaidia kukwepa huohuo mlipuko, na wewe wa wahenga ukifika levo ya 7 uchawi unawapunguzia nusu, kwahiyo kati ya viapo vyote wewe ndo wa kubanana naye. Wa upinde mwache akae mbali, wanaopigana kwa upanga wakae upande wako. Na wewe usianguke, ukizimia na aura inazima.

Chuma_Moto: Kisasi hakivunjiki wewe acha kuwatisha watu, mimi nimeua nusu ya ramani na kiapo kipo

Mwandishi: Sijamtisha mtu. Umeua waliokuwa maadui, ndo maana kipo. Hata kisasi kina masharti, muue asiye na hatia bila sababu ndo utarudi hapa kuandika.

Mkulima_wa_Levo: Mvunja kiapo nimesikia levo ya 7 ana aura ya kuongeza karisma kwenye damage. Si bora nivunje makusudi?

Mwandishi: Inafanya kazi na ni kali kweli. Ila ile aura inawapa nguvu na wafu na mashetani walio karibu, hata kama ni maadui zako. Sura ya pili ya gemu imejaa wafu, ukisimama katikati yao unawanoa mwenyewe. Upande mwingine ukiwa na Animate Dead, uchawi wa kuinua wafu wakupiganie, wafu wako nao wanafaidi, wapange karibu yako utaona. Kama hadithi ya aliyeanguka inakuvutia, nenda nayo.

Nuru_ya_Asubuhi: Na nikigundua wahenga sio mimi?

Mwandishi: Nenda kwa Withers, yule mfu anayekaa kambini, dhahabu 100, unajipanga upya na kiapo kingine unachagua. Hizo dhahabu hazirudi ila kuna watu wanamtuma Astarion, yule mwenzako mwizi, azichomoe mfukoni mwa Withers hapohapo.

Chuma_Moto: hiyo ya Astarion nathibitisha. Alafu kwa mnaopenda kuchanganya, levo moja ya warlock (mchawi wa mkataba) wa aina ya hexblade, alikuja na hiyohiyo Patch 8, silaha yako inatumia karisma badala ya nguvu, pointi zote unaziweka sehemu moja

Mwandishi: Hii kweli, asante, nlisahau kuiweka. Chukueni paladini kwanza ndo muanze na deraya nzito, hexblade aje baadae.

Mkulima_wa_Levo: baadae levo ya ngapi?

Mwandishi: Subiri paladini afike 5 upate mapigo mawili kwa zamu, ya 6 iwe hexblade. Aura ya karisma itachelewa levo moja tu.