Sokoni na mtoto: mpe shilingi 20 zake

Marikiti, lile soko kubwa la Nairobi, na mtoto wa miaka mitatu sikushauri. Mikokoteni ikiteremka haisimami, na wabeba magunia hawaangalii chini. Wangu mimi humpeleka soko la Kangemi, asubuhi kabla jua halijawa kali. Tukifika tu namkabidhi sarafu ya shilingi 20 na kazi moja: achague ndizi zake mwenyewe, na alipe mwenyewe. Akiwa ameikamata ile sarafu, hashiki nyanya za watu. Siku niliyosahau, alibonyeza avokado mpaka kidole kikazama, ikabidi niinunue. (Ilikuwa tamu, lakini bado.) Leso usiache nyumbani, maana wakati wa kurudi huwa amelala fofofo mgongoni, sukuma wiki mkononi, na ndizi bado ameikumbatia.