Jinsi ya Kuchambua Tangazo la Kushawishi: Sekunde 60 za "Daisy"

Katika somo la uandishi la mwaka wa kwanza, vyuo vingi vya Marekani hutoa kazi ya namna hii: chagua tangazo, hotuba au bango, kisha andika kwa Kiingereza kurasa nne au tano ukionyesha jinsi linavyowashawishi watu. Mwanafunzi aliyesoma Kiswahili sekondari, Tanzania au Kenya, haanzi mikono mitupu, maana ameshahakiki mashairi na riwaya kwa fani na maudhui. Kinachomwangusha ni mazoea ya kuorodhesha. Anaandika kwamba kuna takriri, kuna taswira, kuna sitiari, anatoa mfano mmoja mmoja, anafunga. Insha kama hiyo hurudi na alama za chini hata kama kila ilichosema ni kweli. Uchambuzi wa balagha, yaani sanaa ya kushawishi, unauliza swali jingine: mtungaji alikuwa na njia nyingi mkononi, kwa nini akashika hii, mbele ya watu hawa, wakati ule?

Hatua zote hapa chini tunazionyesha kwa tangazo moja, "Daisy", la kampeni ya Rais Lyndon Johnson wa Marekani. Lilirushwa na kituo cha NBC usiku wa tarehe 7 Septemba 1964. Ni la dakika moja, halina rangi, na kampeni ililipia lirushwe mara hiyo moja tu. Baada ya hapo vituo vya televisheni vililirudia vyenyewe katika habari.

Kuchagua cha kuchambua

Chukua kitu kifupi: video ya sekunde 30 hadi 90, au bango moja. Wanafunzi hukimbilia filamu ya saa nzima wakiamini kwamba ina mengi ya kusemwa, na matokeo yake kurasa zote huishia kwenye muhtasari. Kabla hujaamua, hakikisha unaweza kupata mambo matatu: lilitolewa lini, nani alilipia, na lilikusudiwa nani. Kimoja kikikosekana, tafuta tangazo lingine. Hakikisha pia video ni nzima. Zilizokatwa mara nyingi hupoteza sekunde za mwisho, na katika "Daisy" ufunguo umewekwa hapo hapo.

Kutazama kwa daftari

Tazama mara ya kwanza bila kuandika chochote, uone limekugusa wapi. Mara ya pili geuza uso, usikilize tu. Mara ya tatu zima sauti, uangalie picha peke yake. Mara ya nne fungua daftari lenye safu tatu, yaani muda, kinachoonekana na kinachosikika, na usimamishe video kila sekunde tatu au nne. Kwa dakika moja ya video utapata mistari kama 15 hadi 20. Tenga saa nzima kwa kazi hii, na usiiruke, kwa sababu kila kitu utakachoandika baadaye kitatoka humu.

Ukilifanyia "Daisy" hivyo, daftari litakuwa na mambo kama haya. Ndege wanalia. Mtoto wa kike amesimama uwanjani, anachuma petali za ua moja moja na kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, saba, sita, sita, nane, tisa, tisa. Anakosea. Kisha inaingia sauti ya mwanamume, kavu, yenye mwangwi wa kipaza sauti, ikihesabu kurudi nyuma kuanzia kumi. Mtoto anainua uso. Picha inaganda, kamera inamsogelea mpaka mboni ya jicho lake inajaza kioo chote na kuwa giza. Inapofika sifuri, bomu la nyuklia linalipuka. Juu ya mlipuko inasikika sauti ya Johnson ikisema kwamba ama tujenge dunia ambayo watoto wote wa Mungu wanaweza kuishi, ama tuingie gizani. Ama tupendane, ama tufe. Mwisho kioo kinakuwa cheusi chenye maandishi meupe, na mtangazaji anawaambia watu wampigie kura Rais Johnson tarehe 3 Novemba, kwa sababu hatari ni kubwa mno kwa mtu kubaki nyumbani.

Baada ya safu hizo tatu, ongeza ya nne: kisichokuwepo. Wengi huisahau, na ndiyo huzaa hoja nzuri kuliko zote. Katika "Daisy" jina la mpinzani, Seneta Barry Goldwater wa Arizona, halitajwi hata mara moja. Uso wa Johnson hauonekani. Hakuna sera, hakuna takwimu, hakuna ahadi.

Kurudisha tangazo kwenye siku yake

Mwaka 1968 Lloyd Bitzer, mwanazuoni wa balagha, aliandika kwamba kila maneno ya kushawishi huzaliwa na hali: kuna jambo linalosukuma mtu aseme, kuna hadhira inayoweza kulifanyia kitu, na kuna vikwazo vinavyombana msemaji. Maprofesa wengi bado wanafundisha kwa mgawanyo huu, na unasaidia kweli. Jibu kila kipengele kwa ushahidi.

Jambo linalosukuma: ilikuwa imepita chini ya miaka miwili tangu mgogoro wa makombora ya Kuba wa Oktoba 1962, Marekani na Umoja wa Kisovyeti zilipokaribia vita vya nyuklia. Goldwater alikuwa amepiga kura ya kupinga mkataba wa 1963 wa kuzuia baadhi ya majaribio ya nyuklia, na alikuwa amezungumza hadharani juu ya uwezekano wa kutumia silaha ndogo za nyuklia Vietnam. Mtazamaji aliyajua haya, ndiyo maana jina halikuhitajika. Tangazo linaweka hofu mezani, na mtazamaji mwenyewe anamalizia kwa kujiambia nani wa kuogopwa. Wazo ambalo mtu amelikamilisha mwenyewe ni gumu kumtoa kichwani. Hoja ya namna hii, yenye kipande kimoja kilichoachwa ajazie msikilizaji, ilielezwa na Aristotle zaidi ya miaka 2,300 iliyopita.

Hadhira: hapa soma lile neno la mwisho polepole. Linamwambia mtu asibaki nyumbani. Johnson alikuwa akiongoza katika kura za maoni, kwa hiyo hatari yake mojawapo ilikuwa watu wake kuona mambo yamekwisha na kutokwenda kituoni. Tangazo linazungumza na aliyekwisha kumkubali Johnson na sasa anahitaji kusukumwa atoke mlangoni. Mwanafunzi anayeandika kwamba hadhira ni "Wamarekani wote" amekosa nusu ya insha yake.

Vikwazo: kuna dakika moja tu, na kumtaja mpinzani kungewapa wafuasi wake la kukanusha.

Jaribio la kubadilisha

Chukua kila mstari mzito wa daftari, ubadilishe kitu kimoja kichwani, halafu uandike kinachopotea. Mtoto angehesabu bila kukosea ingekuwaje? Tungeona mtoto anayesoma maneno aliyopewa. Makosa yake yanamfanya awe mtoto wa mtu, pengine wako, na yanaifanya hesabu ya mwanamume, isiyokosea hata namba moja, isikike kama mashine isiyojali. Hesabu moja inapanda, nyingine inashuka, na zinapokezana kwenye tisa ya mwisho. Angewekwa askari badala ya mtoto? Askari amejiandaa kufa, kwa hiyo mtazamaji angeona vita ya wanajeshi. Goldwater angetajwa? Wafuasi wake wangekuwa na sentensi ya kukanusha.

Jaribio hili linazidi kwa mbali ile tabia ya kutafuta ethosi (msemaji anavyoaminika), pathosi (hisia anazoamsha) na logosi (mantiki ya hoja) kisha kuzipa aya moja moja. Vyombo hivyo vitatu ni vizuri, lakini kazi yake ni kukusaidia kuuliza. Ukiandika "tangazo linatumia pathosi" hujasema kitu. Taja hisia yenyewe: ni hofu, huruma, aibu au hasira? Inaanza sekunde gani, na kabla yake kulikuwa na hisia gani? Hapa utulivu wa ndege na ua unakuja kwanza ili hofu ipate mahali pa kuangukia. Kwa ethosi, angalia kwamba Johnson anakuja kama sauti tu, yenye maneno ya mimbarini, inayotoka juu ya moto. Kwa logosi, angalia ile "ama, ama": njia mbili tu zimeachwa wazi, na zote zilizo katikati zimefungwa.

Hoja kuu

Iandike kwa sentensi moja au mbili zenye vitu vinne: nani, amechagua nini, ili nani afanye nini, na kwa nini chaguo hilo lilifaa wakati huo. Kwa mfano: "Kwa kugonganisha hesabu ya mtoto yenye makosa na hesabu ya mwanamume isiyo na kosa, na kwa kuacha kumtaja Goldwater, kampeni ya Johnson inamfanya mpiga kura aliyekwisha kumkubali aone kwamba kubaki nyumbani siku ya kura ni kumweka mtoto hatarini." Ijaribu kwa kuuliza kama msomaji mwenye akili anaweza kuipinga. Kama hakuna wa kuipinga, bado umeeleza tu.

Kuandika aya

Hii ni aya dhaifu: "Tangazo linaonyesha mtoto na bomu. Hii ni pathosi kwa sababu watu wanawapenda watoto. Kwa hiyo liliwashawishi watu na Johnson akashinda." Ina makosa mawili. La kwanza, maelezo ni ya jumla kiasi cha kufaa tangazo lolote la maziwa. La pili ni zito zaidi: inadai matokeo ambayo video haiwezi kuyathibitisha. Johnson alishinda kweli, kwa zaidi ya asilimia 61 ya kura na majimbo 44, lakini alikuwa mbele tangu kabla ya tangazo. Andika juu ya kile tangazo linachojaribu kufanya na namna lilivyojengwa kukifanya. Kuhusu lilichofanikisha, uwe na ushahidi wa nje au nyamaza.

Aya nzuri hubana mahali padogo: "Mtoto anaposema tisa kwa mara ya pili, sauti ya mwanamume inamkata. Hapati nafasi ya kufika kumi. Namba aliyoikosa ndiyo inayoanzisha hesabu ya bomu, kana kwamba maisha yaliyokatizwa pale yamegeuzwa kuwa muda uliobaki." Theluthi moja ya aya ieleze kinachoonekana, theluthi mbili zilizobaki zieleze kinafanya kazi gani. Ukikuta uwiano umepinduka, rudi kwenye jaribio la kubadilisha.

Kama tangazo lilikuwa la haki kwa Goldwater ni swali zuri, na watu wazima wenye nia njema hawakubaliani juu ya jibu lake hadi leo. Liweke karibu na mwisho, kwa aya moja, na tu kama maelekezo ya kazi yanaliruhusu. Ukilianza mapema, insha inageuka hukumu.

Kusahihisha Kiingereza chako

Simulia yaliyomo kwenye video kwa wakati uliopo, na historia ya 1964 kwa wakati uliopita. Kisha pitia viwakilishi kimoja kimoja: Kiswahili kinamwita kila mtu "yeye", kwa hiyo ni rahisi sana mtoto wa kike kugeuka mvulana katikati ya ukurasa wa pili bila wewe kuona. Weka muda wa video kwenye mabano kila unaponukuu, na kabla ya kukabidhi, fungua video tena uhakiki kila muda ulioandika.