Mtoto mnene: mpime pumzi kwanza, mazoezi baadaye

Wazazi wengi tukiona mtoto amenenepa tunakurupuka, kesho alfajiri tunamtoa akakimbie barabarani, hata mita 100 hazijaisha anahema, watoto wa jirani wanamwita bonge, na keshokutwa hataki hata kuziona raba. Jamani tusiwafanyie hivyo, jua kwanza anaanzia wapi.

Mpime uzito na urefu, chukua kilo gawanya kwa urefu wa mita mara urefu tena, hiyo ndo wanaita BMI. Ila usitumie vile viwango vya watu wazima vya 25 na 30! Mvulana wa miaka 10 mwenye kilo 45 na mita 1.38 anapata kama 23.6, kwa mtu mzima iko poa, lakini kwa chati ya WHO (Shirika la Afya Duniani) umri huo akizidi 21.4 ni unene uliopitiliza. Chati inafuata umri na jinsia, mwombe nesi akusomee.

Halafu wiki nzima andika kwenye daftari anavyotumia muda wake, kutembea shule, kombolela, mpira, na masaa ya tivii na simu pia. Wa miaka 5 mpaka 17 anatakiwa apate kila siku wastani wa dakika 60 za kuchangamka hadi ahemehe. Usimgombeze ukiona ni dakika 10, andika hizohizo.

Sasa pumzi. Mimi kwa mtoto mnene naanza na kutembea dakika 6, sio kukimbia, maana kwenye kukimbia anabeba mwili wote na anakata tamaa mapema. Tafuta sehemu tambarare, pima mita 20 kwa tepu, weka chupa ya maji kila mwisho. Asiwe ametoka kula, na jua lisiwe kali, kwa joto la Dar saa 12 na nusu asubuhi ndo muda wake. Akae kwanza dakika 10, hesabu mapigo ya mkononi kwa sekunde 15 zidisha kwa 4. Kisha atembee haraka anavyoweza, akichoka asimame apumzike ila saa isisimame, wewe unahesabu tu raundi, kila mita 20 ni raundi moja. Akimaliza hesabu mapigo tena, na tena baada ya dakika moja, hapo ndo unaona moyo unarudi haraka au taratibu.

Akilalamika kifua, kizunguzungu au pumzi inatoa mlio kama filimbi, simamisha hapohapo. Na mtoto mnene anayechechemea au anayeumwa nyonga au goti, hata kama hajaanguka, mpeleke hospitali kabla ya zoezi lolote, mfupa wa nyonga unaweza kuwa umeteleza, usimwambie ni uvivu.

Kitu kimoja watu wanasahau, hawa watoto mara nyingi wana nguvu kuliko wenzao wembamba! Mpe kuvuta kamba, kurusha mpira mzito, andika na hizo. Aone kuna kitu anakiweza.

Rudia baada ya wiki 8, sehemu ileile, saa ileile. Kilo zinaweza zisishuke hata moja, lakini akirefuka uzito umesimama mnaenda vizuri. Fungua daftari umwonyeshe mwenyewe, siku ile ulitembea mita 420, leo 460.