SOMO: Safari ya gari ya watu wawili kwenye milima ya theluji, bila kufilisika

Mara ya kwanza mimi na mwenzangu kuendesha gari kwenye theluji, tulijipangia kilomita 420 kwa siku moja. Ramani ya simu ilisema ni safari ya saa tano na ushei, nasi tukaiamini. Kufika saa kumi na moja jioni hatujamaliza hata nusu, giza limeingia, na mbele yetu kuna foleni ya taa nyekundu: barabara ya juu imefungwa, wote geuzeni. Tulilala kwenye chumba pekee kilichobaki mji ule. Kilitutoa pesa ya siku tatu, na huko tulikokuwa tumelipia hatukufika wala hatukurudishiwa kitu.

Tangu siku hiyo ninaamini kwamba gharama ya safari ya theluji haipungui kwa kujinyima chakula. Inapungua kwa kukata kilomita. Kila nitakachosema hapa kinarudi hapo hapo.

HATUA YA 1: Tarehe kwanza, mahali baadaye

Wengi huanza na mahali walipopaona kwenye picha, kisha wanatafuta likizo. Geuza. Bei za vyumba milimani hufuata sikukuu na likizo za shule. Kwenye milima ya Alps, kwa mfano, kuna upenyo mzuri katikati ya Januari: sikukuu zinaisha tarehe 6, likizo za Februari bado, na theluji imejaa tele. Fika Jumapili, ondoka Alhamisi au Ijumaa asubuhi, uwapishe watu wa wikiendi.

HATUA YA 2: Lala bondeni, kwenye kituo kimoja

Usihame kila siku. Tafuta mji mdogo bondeni, mbali kidogo na vituo vya mchezo wa kuteleza kwenye theluji, ukae hapo usiku nne au tano, na kila siku mtoke na kurudi. Chumba kiwe na jiko, maegesho yawe ya bure, na nafasi muiweke kwa sharti la kuweza kuifuta bila kukatwa. Hilo la mwisho lipe uzito kuliko punguzo lolote, kwa sababu mwenye ratiba hapa ni hali ya hewa.

Bondeni pia ni salama zaidi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5. Kinachonyesha chini kama mvua, juu ni theluji. Ukilala chini, asubuhi unaamka, unaangalia kamera za barabarani, ndipo unaamua kama kupanda kuna maana.

HATUA YA 3: Hakikisha barabara ipo

Ndiyo, nimesema "ipo". Barabara nyingi zinazosifiwa kwenye picha za kiangazi hazipitiki kabisa majira ya baridi. Stelvio kule Italia, mita 2,757, hufungwa. Going-to-the-Sun Road ya Montana, Marekani, sehemu yake ya juu mara nyingi haifunguki hadi Juni au Julai. Brenner, kati ya Austria na Italia, iko kwenye mita 1,370 tu na hupitika mwaka mzima. Icefields Parkway ya Kanada, kama kilomita 230 kutoka Lake Louise hadi Jasper, huwa wazi pia ingawa dhoruba huifunga, lakini kituo cha mafuta cha katikati hakifanyi kazi majira ya baridi. Jaza tangi kabla hujaingia.

Pigia hesabu na ada za barabara. Uswisi huuza kibali cha barabara kuu cha mwaka mzima tu, hata ukipita siku moja. Austria wanacho cha siku moja na cha siku 10. Kwa safari ya wiki, kuikwepa nchi moja kunaweza kukuokolea zaidi ya ulivyodhani.

HATUA YA 4: Tairi. Hapa msibane hata senti

Chini ya nyuzi 7 hivi, mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa na kupoteza mshiko, hata kama theluji haijaanguka. Tairi la baridi limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini, na meno yake yana mikato midogo mingi inayoshika theluji. Mtalijua kwa alama ubavuni: mlima wa vilele vitatu wenye nyota ya theluji ndani. Herufi M+S (yaani matope na theluji) peke yake hazitoshi. Ujerumani iliacha kuzikubali mwishoni mwa Septemba 2024. Austria inataka tairi za baridi kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 15 barabara ikiwa na hali ya baridi, na kina cha meno kisipungue milimita 4. Tairi la milimita 3, ambalo kiangazi lingekuwa halali, huko linahesabiwa kipara.

Kwa gari la kukodi, uliza mambo mawili kabla ya kulipa: je, bei hii ina tairi za baridi ndani yake? Na minyororo (ile ya kufungwa kwenye tairi ili ishike theluji) inaruhusiwa? Kampuni nyingine hutoza tairi kama nyongeza, kwa hiyo gari lililoonekana rahisi linageuka ghali mezani. Nyingine hukataza minyororo kabisa, na ikiharibu bodi, bima haikuhusu.

Minyororo inafungwa kwenye magurudumu yanayosukumwa na injini, si yoyote. Ikishafungwa, usizidi kilomita 50 kwa saa, na lami ikionekana itoe. Jifunzeni kuifunga mchana, mahali pakavu, mkiwa hamna haraka. Sisi tulijifunzia gizani pembeni mwa barabara, vidole vimekufa ganzi, na kwa nusu saa nzima hatukuzungumza vizuri.

HATUA YA 5: Vya kuweka garini

Koleo dogo, kikwangulio cha barafu, blanketi mbili, tochi, waya za kuboosti betri, maji, chakula kisichohitaji kupikwa, chupa ya chai ya moto. Betri hupoteza karibu theluthi ya nguvu zake kwenye nyuzi sifuri, hivyo kama ilikuwa inasuasua nyumbani, milimani itawaangusha. Maji ya kuoshea kioo yawe ya kuhimili baridi. Ya bomba yataganda. Kioo kikiwa na barafu msikimwagie maji ya moto, kinaweza kupasuka. Na miwani ya jua si urembo: theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya UV.

HATUA YA 6: Barabarani

Umbali wa kusimama kwenye barafu unaweza kufika mara kumi ya ule wa lami kavu. Kwa hiyo kila kitu kifanyike mapema na taratibu: breki, usukani, mafuta. Mteremko utelemshwe kwa gia ndogo, si kwa kukanyaga breki njia nzima. Madaraja huganda kabla ya barabara kwa sababu hewa baridi hupita juu na chini yake. Gari likianza kuteleza, toa mguu kwenye mafuta na utazame unakotaka kwenda, usiutazame ukingo.

Jioni, mkiegesha kwenye baridi kali, acheni gari kwenye gia (au P) mahali tambarare. Breki ya mkono ikiwa na unyevu huweza kuganda na kung'ang'ania.

Katika milima ya latitudo 47 hivi, mwishoni mwa Desemba mchana una urefu wa saa nane na nusu tu, na bondeni jua hufichwa na mlima mapema zaidi. Kilomita 120 hadi 150 kwa siku, kwenda na kurudi, zinatosha.

HATUA YA 7: Makubaliano ya wawili

Anayesema "tugeuze" ndiye anayesikilizwa. Bila mjadala, na bila kukumbushana baadaye. Hiyo tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Nina gari la 4x4, bado nahitaji hizo tairi?
Jibu: Unazihitaji, ndugu. Kusukumwa magurudumu yote manne kunakusaidia kuondoka na kupanda. Kwenye kusimama na kukata kona unabaki na tairi zako tu. Wenye 4x4 mara nyingi ndio hunasa mbali zaidi, maana gari liliwapa moyo wa kwenda.

Swali: Tukilala ndani ya gari si tunaokoa pesa yote ya chumba?
Jibu: Kwa kupanga, hapana. Mkiwasha injini ili kupata joto na theluji ikaziba bomba la moshi, gesi ya kaboni monoksidi inaingia ndani. Haina harufu, mtalala msiamke. Kama mmenasa kwa dharura, kaeni garini msitembee kutafuta msaada, zibueni bomba kwa koleo, washeni injini dakika chache kwa vipindi, na dirisha moja liachwe wazi kidogo.

Swali: Kilomita 150 kwa siku! Huo si uvivu? Nimelipia gari siku saba.
Jibu: Kaka, ulilipia milima, hukulipia usukani. Lakini nakuelewa, nami nilisema hivyo hivyo kabla ya usiku ule wa foleni.

Swali: Mimi siendeshi, mume wangu ndiye dereva. Nafanya nini zaidi ya kukaa?
Jibu: Dada, kazi ya kiti chako ni nzito. Angalia kamera za barabara na taarifa za maporomoko ya theluji (kipimo cha Ulaya kina ngazi 1 hadi 5, ikifika 4 barabara zinaweza kufungwa, kwa hiyo msipange kupanda). Pakua ramani za kutumia bila mtandao, maana kwenye makorongo simu hukata. Hesabu saa za mwanga. Na ujifunze minyororo, kwa kuwa kuifunga peke yako ni kazi maradufu.

Swali: Gari la umeme je?
Jibu: Linafaa, ila baridi hupunguza umbali linaokwenda, na kupanda hula chaji. Kwenye kushuka linarudisha kidogo. Lipashe joto likiwa bado limechomekwa, na chagueni chumba chenye pa kuchajia hata kama kimezidi bei kidogo.

Swali: Dizeli niliyojaza nchi ya joto ina shida?
Jibu: Inaweza kuganda nta na kuziba chujio. Fika huko tangi likiwa karibu tupu, kisha ujaze dizeli ya huko huko, ambayo huchanganywa kwa ajili ya baridi.