Kabla Hujairuhusu Apleti ya Java Iliyosainiwa

Apleti za Java, yaani programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kivinjari, zimetoweka karibu kila mahali, ila fundi bado hukutana nazo kwenye kurasa za kuendeshea seva kongwe kwa mbali. Na hukutana nazo seva ikiwa imegoma, simu zinaita, mkono uko tayari kubonyeza chochote. Ndiyo maana haya yafanywe mapema.

Tazama kwanza kama apleti yenyewe unaihitaji. Kwa seva nyingi yalishatolewa masasisho yanayoleta skrini ya HTML5, inayofunguka kwenye kivinjari bila Java; kama yako inayapokea, yaweke, na yaliyobaki hapa hayakuhusu.

Kama haiyapokei, tenga kompyuta moja isiyofungua barua pepe wala benki. Chrome iliachana na apleti mwaka 2015, Firefox ikafuata 2017, na Java 11 ya 2018 ikaja bila programu-jalizi ya kivinjari. Kwa hiyo utahitaji Java 8, pamoja na kivinjari cha Edge katika hali ya Internet Explorer.

Sasa dirisha la onyo, lile Java inalokuonyesha kabla ya kuendesha apleti. Lina jina la programu, mchapishaji na anwani ilikotoka. Wengi huangalia mchapishaji tu, wakaridhika. Saini inaonyesha nani alisaini na kwamba faili halijaguswa tangu hapo. Haisemi kama programu ni njema. Tena apleti iliyosainiwa kihalali yaweza kunakiliwa na kuwekwa kwenye tovuti ya mhalifu, ikaendeshwa kwa maelekezo yake. Kwangu mimi, mstari wa anwani ndio wa kusomwa herufi kwa herufi, kwa sababu apleti iliyopewa ruhusa zote inafikia mafaili yako kama programu nyingine yoyote uliyoisakinisha.

Mchapishaji akiandikwa UNKNOWN, saini haikuthibitishwa. Tangu Januari 2014, Java 7 toleo dogo la 51 huzuia apleti za namna hiyo, na tangu Aprili 2017 faili la JAR (kifurushi cha apleti) lililosainiwa kwa MD5, njia ya zamani iliyo dhaifu, huhesabiwa kama halina saini. Usilegeze ulinzi wa Java nzima kwa ajili ya seva moja: fungua paneli ya Java, sehemu ya usalama, uongeze anwani ya seva hiyo peke yake kwenye orodha ya tovuti zilizoruhusiwa.

Kuna pia kisanduku cha kuzuia onyo lisirudi tena. Kiache bila tiki mpaka uwe umelikagua faili kwa amri ya kukagua saini, jarsigner -verify -verbose -certs, na kuona cheti cha saini hiyo ni cha nani na kinaisha lini.