Fulana baadaye: jinsi ya kupanga kinga dhidi ya dawa za kulevya mtaani

Kamati nyingi nilizoitwa kuzisaidia huanza na swali lilelile: maandamano lini, na fulana za rangi gani? Fulana zisubiri. Kwanza mjue kinachotumiwa, na nani, wapi, saa ngapi.

Tandazeni karatasi kubwa mchore mtaa: shule, vituo vya basi, magofu, maduka ya pombe. Kalamu wapeni vijana. Wazee wakichora peke yao huonyesha wanapopaogopa wao. Vijana huonyesha wanapokaa. Kila alama iandikiwe saa. Mara nyingi alama husongamana kati ya kengele ya mwisho ya shule na wazazi kutoka kazini, na hilo pekee linawapa nusu ya mpango. Majina ya watu yasiandikwe kabisa. Ikivuma kwamba karatasi ile ni ya kukamatia watu, hamtaambiwa ukweli tena.

Ongezeni dodoso la vijana lisilo na majina: alianza na umri gani, alitumia nini, alipewa na nani.

Kisha chagueni mambo mawili, si kumi. Moja lizibe njia ya kupatikana, mfano wauza pombe kukataa kuwauzia watoto. La pili lijaze yale masaa matupu. Iceland walifanya hivyo. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi uliopita; kufikia 2016 ilibaki asilimia 5. Walikuwa wakirudia madodoso, wazazi wakapatana saa za watoto kuwa nyumbani, na serikali ikagharimia michezo na muziki.

Hotuba za kutisha achaneni nazo. Mpango wa DARE, ulioanza Los Angeles mwaka 1983, ulipeleka polisi madarasani kuwafundisha wanafunzi wakatae dawa za kulevya. Tafiti zilipolinganisha, waliofundishwa na wasiofundishwa hawakutofautiana sana katika kuzitumia. Na aliyeacha dawa msimpandishe jukwaani kutoa ushuhuda. Mpeni kiti kwenye kamati, anajua mengi kutuzidi.

Anayetumia tayari anahitaji tiba, hivyo mhudumu wa afya awepo tangu kikao cha kwanza.

Kila kazi iwe na mwenyewe na tarehe. Baada ya mwaka rudieni dodoso lilelile, neno kwa neno. Mkibadilisha maswali, hamtakuwa na cha kulinganisha.