Harrier au X-Trail: Namna ya Kuchagua Gari la Familia Lililokwishatumika

Familia nyingi za Dar es Salaam zinapoamua kuachana na gari dogo, mazungumzo ya nyumbani huishia kwenye magari mawili: Toyota Harrier ya toleo la tatu na Nissan X-Trail aina ya T32. Yote mawili yalianza kuuzwa Japani Desemba 2013, na yale tunayoyaona zaidi mitaani yana injini ya petroli ya lita 2.0 pamoja na gia za CVT, yaani za otomatiki zisizo na hatua. Kwa kuwa yanakaribiana kiasi hicho, wanunuzi huchagua kwa jina na kwa sura, ilhali tofauti zinazoigusa familia ziko kwingine kabisa. Maelezo haya yanahusu magari ya petroli tu. Yale ya haibridi yanahitaji ukaguzi wake, hasa wa betri.

Hesabu watu kwanza. Harrier ina viti vitano, basi. X-Trail ilitengenezwa yenye safu mbili za viti na yenye safu tatu, kwa hiyo usidhani kila X-Trail hubeba watu saba. Fungua buti uone. Ukikuta safu ya tatu, ingia ukae mwenyewe na kufunga mlango. Utaona magoti yanapanda karibu na kifua, na utaelewa kwamba nafasi ile ni ya watoto, si ya shangazi anayekwenda Moshi mwezi Desemba. Viti hivyo vikiwa vimesimamishwa, nafasi ya mizigo hubaki kidogo sana, kwa hiyo familia ya watu saba inayosafiri na mabegi itahitaji keria ya juu au gari kubwa zaidi. Kama una mtoto mchanga, nenda na kiti chake na ukifunge kabisa kwenye kiti cha nyuma. Ni bora kugundua yadini kuliko nyumbani kwamba kiti cha mbele lazima kisogezwe hadi dereva abanwe.

Jambo la pili ni barabara unayopita kila siku, wala si ile ya safari moja ya mwaka. Anayeishi ndani ndani huko Goba au Madale, mahali ambapo mvua za masika huchimba makorongo, atanufaika na X-Trail, kwa sababu imeinuka zaidi kutoka ardhini. X-Trail yenye uwezo wa magurudumu manne ina swichi ya kuzungusha karibu na gia, yenye maandishi 2WD, AUTO na LOCK. Isipokuwepo, gari hilo huvutwa na magurudumu ya mbele pekee, hata muuzaji aseme nini. Zipo Harrier nyingi pia za magurudumu mawili. Kwa mtu ambaye lami inafika hadi getini, magurudumu manne ni uzito, mafuta na vipuri vya ziada ambavyo hatavitumia.

Sasa tuje kwenye gia, kwa sababu hapa ndipo gari zuri na gari bovu hutengana, liwe Harrier au X-Trail. Mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, kisha fungua boneti na uweke kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Liwashe, kanyaga breki, toa gia kutoka P kwenda R, halafu D. Gari lisilo na hitilafu huitikia mara moja bila kugonga. Ondoka taratibu na usikilize kama linatetemeka linapoanza kuchukua mwendo, mfano wa gari linalopita juu ya matuta madogo yasiyoonekana. Usiridhike na mzunguko wa dakika tano kuzunguka yadi. Hitilafu nyingi za CVT hujificha oili ikiwa baridi, kwa hiyo endesha angalau nusu saa, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na watu wamejaa, na utafute kilima cha kupanda. Gari likianza kupoteza nguvu mlimani huku injini ikinguruma, huenda oili ya gia imepata joto kupita kiasi na mfumo unajilinda. Fikiria hali hiyo ukipanda mlima Kitonga na watoto ndani, nyuma yako kuna lori.

Uliza pia oili ya gia ilibadilishwa lini na ni ipi iliyowekwa. X-Trail hutumia NS-3, na Harrier hutumia CVT Fluid FE. Kuweka oili ya kawaida ya gia za otomatiki kunaweza kuiua CVT. Injini zenyewe zinanipa wasiwasi mdogo zaidi, maana zote hutumia mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, ila ile ya X-Trail hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, na baada ya miaka mingi masizi hujikusanya kwenye vali za kuingizia hewa.

Kuhusu gharama, Harrier kwa kawaida ni ghali zaidi kuliko X-Trail ya mwaka uleule, lakini huuzika haraka zaidi utakapotaka kubadilisha, na spea zake ni rahisi kupata Kariakoo na Ilala. Ukiagiza mwenyewe, injini zote mbili ziko chini ya cc 2,000, kwa hiyo ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini ni uleule. Kinachobadilisha hesabu ni umri, kwani gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Kwa maoni yangu, familia ya watu watano inayoishi kwenye lami ichukue Harrier, na yenye watoto wengi au barabara mbovu ichukue X-Trail. Lakini X-Trail iliyotunzwa naichagua mbele ya Harrier yenye gia ya kutilia shaka, siku yoyote.

Kwa gari lililotoka Japani hivi karibuni, omba karatasi ya mnada na ulinganishe kilomita na namba ya chasisi. Herufi R kwenye sehemu ya daraja la ubora katika karatasi hiyo huashiria kwamba liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Kwa gari la mkononi, yaani lililokwisha kutumika hapa nchini, peleka fundi wako mwenyewe, si wa dalali, kagua deni la trafiki kwa namba ya gari, na hakikisha jina lililo kwenye kadi ni la mtu unayemlipa. Lipa kupitia benki, andikeni mkataba mbele ya wakili, na mwanze kuhamisha umiliki Mamlaka ya Mapato (TRA) siku hiyohiyo.